Zimwi la Katuni na Vikongwe wa Gusii

Filamu ya katuni Shrek (2001) husifiwa kwamba inafunza kumkubali aliyetengwa. Sifa hiyo haina mashiko. Mhusika wake mkuu ni zimwi kwa umbile. Wanakijiji wanaomvamia kwa mienge hawakosei kumwita hivyo, wanakosea kumchukia tu. Katika nchi ya Gusii, yaani Kisii na Nyamira, funzo hilo huporomoka. Mnamo Mei 2008, watu 11 walichomwa moto kwa tuhuma za uchawi. Oktoba 2021, wanawake wazee wanne waliuawa Marani. Hao hawakuwa mazimwi yanayongoja kukubaliwa. Walikuwa majirani waliogeuzwa abarogi, yaani wachawi, kwa nguvu ya masimulizi. Hapana budi uhakiki umhoji kwanza msimulizi. Kumwombea 'mchawi' huruma ni kuuthibitisha uchawi aliosingiziwa.