Itigi: halmashauri tunayo, wilaya je?

Wadau, nimesharudi chuo, ila kuna swali la likizo limenigandia. Kijiweni pale Itigi mzee mmoja kaniuliza, "Msomi wetu, hivi sisi ni wilaya au siyo?"

Nikajiuma-uma. Halmashauri tunayo, mkurugenzi tunaye, madiwani tunao. Lakini wilaya bado ni Manyoni, na DC yuko huko, kama kilomita 40. Mi mwenye nauli sawa. Bibi wa Rungwa je? Huyo anakata pori lote mpaka Itigi, ndo aanze tena safari ya Manyoni!

Najua mtasema wilaya mpya ni mashangingi na posho tu. Kweli gharama ipo. Ila kwa sasa anayeilipa ni yule bibi.

Mzee hakuridhika na jibu langu. Kahawa kalipa yeye.