Ubunifu Si Uwongo

Wako watu wasemao kwamba ubunifu ni uwongo uliovishwa nguo nzuri, na kwamba kijana apotezaye saa nzima kuwaza nchi isiyokuwapo, heri angeshika jembe au hesabu. Msomaji, maneno haya umeyasikia; labda umeanza kuyaamini. Nakusihi uyakatae.

Chukua Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert kilichochapishwa mwaka 1951. Nchi yenye jina hilo yaelea hewani, wala hakuna ramani iionyeshayo. Basi ni uwongo? Wajumbe sita wapelekwa pande sita, yaani mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini, wakatafute mema ya kuwafaa wenzao. Warudi na elimu, watupwa gerezani. Karama, naye mshitakiwa, asimama barazani kuwasimulia. Mtungaji wa kisa hiki alikuwa karani wa serikali katika Tanganyika iliyotawaliwa na Waingereza. Kunena waziwazi juu ya haki na dhuluma hakukuwa jambo jepesi kwa mtu wa cheo hicho. Aliyapandisha hewani, nasi tulio ardhini twayatambua hata leo. Taarifa gani ya ofisini ingaliweza kufanya hivyo?

Sasa tazama insha zetu shuleni. Mwanafunzi hukaririshwa mwanzo uliokwisha kutungwa: jua limechomoza, ndege wanaimba, umande unameremeta, hata kisa kikitukia usiku wa manane! (Nimesahihisha asubuhi hizo nyingi mno, nikatamani siku moja inyeshe mvua.) Maneno hayo huyabeba kama gunia, akalitua mbele ya mtahini. Huko si kusafiri, ni uchukuzi.

Walimu wenzangu hujitetea kwamba mtihani hauna nafasi ya kupotea njia. Lakini wajumbe wale walitumwa kwa sababu hapakuwa na ajuaye yaliyoko huko. Angalikuwapo, safari ya nini?

Upewapo mada, usikimbilie karatasi. Yaache yapite maneno ya kwanza yajayo akilini, maana aghalabu ni ya watu wengine. Ngoja lile linalokushangaza wewe mwenyewe, ulifuate hata kama hujui litakutua wapi. Na mwalimu akikukemea, mfungulie Kusadikika pale wajumbe wanapofungwa, umwulize kwa adabu yeye angeketi upande gani wa baraza lile.