Mjomba Si Ami, na Wote Si 'Anko'

Leo hebu tuingie sebuleni mwako. Mtu anabisha hodi, mtoto anachungulia dirishani, kisha anapaaza sauti: "Mama, anko amekuja!" Nawe unauliza, "Anko yupi?" Ukifika hapo, ujue kosa si la mtoto. Ni letu sisi wazazi wa mjini.

Kwa mtoto huyo, kakako ni anko, nduguye baba ni anko, fundi wa mifereji ni anko, na makanga wa matatu vilevile ni anko. Ilhali Kiswahili kimeyapambanua haya zamani. Mjomba ni ndugu wa kiume wa mama, naye humwita mtoto wa dadake mpwa. Ndugu wa kiume wa baba ni ami, au ukipenda, baba mkubwa au baba mdogo, kulingana na umri. Hali kadhalika, "anti" amewameza shangazi, dadake baba, na mama mdogo, dadake mama.

Yamkini utasema hayo ni maneno tu. La hasha! Kila jina lina kazi yake. Miongoni mwa Wabukusu, kijana anayejiandaa kutahiriwa huenda kwa khocha, yaani mjomba wake, akachinjiwa fahali na kuvishwa kipande cha nyama shingoni. Ami hata akiwa tajiri vipi, nafasi hiyo si yake. Je, mwanao aliyezaliwa Nairobi atajua aende kwa nani?

Kuna jambo zito zaidi. Mtoto aliyefunzwa kwamba kila mwanamume ni anko, amefunzwa pia kumwamini kila mwanamume. Mtu asiyemjua akimngoja langoni mwa shule na kumwambia, "Twende, mimi ni anko wako," atakataa kwa sababu gani? Lakini anayewajua wajomba na ami zake, kwa majina na kwa sura, hatadanganyika kwa urahisi.

Basi leo, kabla ya kuwasha televisheni, toa picha za familia uwaketishe wanao. Waonyeshe: huyu mjomba, huyu ami, yule shangazi. Kisha wageuzie maswali. Ukibabaika wewe mwenyewe, usione haya, mpigie mamako simu. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu huo haufunzi kwa upole.

Tukutane Jumapili ijayo, inshallah.