Kuomba Chuo Mapema: Je, Awahiye Ndiye Apataye?



Juzi nilipanda basi la usiku kutoka Mombasa kwenda Nairobi. Alfajiri tukapita Salama, na dereva akasimama Malili, pale Makueni, watu wanyooshe miguu na kunywa chai. Jirani yangu wa kiti alikuwa kijana wa Likoni aliyemaliza kidato cha nne. Akaniambia kwa furaha, "Ami, mimi nimetuma maombi siku ile ile mtandao ulipofunguliwa. Nafasi ya udaktari siikosi."

Sikutaka kumvunja moyo kabla ya chai. Lakini imani yake nimeisikia katika nyumba nyingi za Pwani, na yafaa tuiangalie vizuri.

Ukweli ni kwamba KUCCPS, bodi inayogawa nafasi za vyuo, haipangi kwa foleni. Inangoja dirisha la maombi lifungwe, kisha inawapanga walioomba kozi moja kwa alama zao za kundi la masomo, ambazo kikomo chake ni 48. Mwenye 44 aliyetuma usiku wa mwisho atampita mwenye 43 aliyetuma siku ya kwanza.

Basi imani hii imetoka wapi? Nadhani sehemu yake imetoka Marekani, kupitia simu zetu. Kule vyuo vingi vikubwa vina maombi ya mapema yanayofungwa mwanzoni mwa Novemba, na mengine humfunga mwanafunzi: akikubaliwa, lazima aende. Mwaka 2003 watafiti Avery, Fairbanks na Zeckhauser walitoa kitabu kilichoonyesha kuwa kuomba mapema kulimsaidia mtoto karibu sawa na kuongezewa alama 100 katika mtihani wao wa SAT. Chuo kinampenda anayeahidi kuja. Lakini anayeweza kuahidi bila kulinganisha msaada wa karo ni nani, kama si mwenye nacho? Kwa hoja hiyo Harvard na Princeton zilitangaza mwaka 2006 kuacha utaratibu huo, na mwaka 2011 zote mbili zikaurudisha.

Kwa hivyo hata kule, tarehe peke yake haimwingizi mtu. Kwetu ndiyo kabisa.

Je, tulale basi, tuseme haraka haraka haina baraka? La. Wazee walisema pia, chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Kuwahi kuna faida, ila faida yake iko mahali pengine.

Kwanza, anayekosa dirisha la kwanza, au anayechagua vibaya, huingia awamu ya marekebisho, na huko hukuta nafasi zilizobaki tu. Kozi zinazogombewa zimeshajaa. Aliyeanza mapema ana muda wa kutazama alama za mwisho za mwaka uliopita, kumwuliza mwalimu, na kubadilisha chaguo kabla ya kufungwa.

Pili, ufadhili wa nje haungoji mtu. Maombi ya Türkiye Bursları kwa kawaida hufunguliwa 10 Januari na kufungwa 20 Februari. Matokeo ya KCSE ya 2024 yalitangazwa 9 Januari 2025. Hesabu mwenyewe: ni wiki sita tu, na pasipoti ya kutafuta na barua za walimu.

Tatu, na hili ndilo linalotuumiza sisi, ni karatasi. Mimi nilikosa nafasi ya diploma katika chuo kimoja kwa sababu cheti cha kuzaliwa kilisema Mohamed na cheti cha skuli kikasema Muhammad. Hadi nilipopata hati ya kiapo, darasa lilikuwa limeshaanza. Nilingoja mwaka mzima. Leo fomu za mkopo na za ufadhili zataka majina ya mtoto na ya wazazi yalingane, na wengi wetu twajua safari za kutafuta kitambulisho. Februari 2025 Rais Ruto alitangaza kuondoa msasa maalumu wa vitambulisho kwa kaunti za mpakani. Ni jambo jema, lakini tangazo halimtolei mtoto karatasi. Lazima mtu aende ofisini.

Tulipoondoka Malili nilimwonyesha kijana upande wa Konza. Pale ndipo kilipo Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopewa hati 3 Agosti 2023, kinachofundisha kwa mtandao. Mtoto wa Lamu anaweza kusoma akiwa kwao. Nikamwambia, "Mwanangu, udaktari nakuombea, lakini chaguo zako nyingine umeziangalia?" Akanyamaza, akatoa simu. Kumbe kozi moja aliiweka bila kujua inataka fizikia, naye hakuifanya. Dirisha lilikuwa bado wazi. Akarekebisha kabla hatujafika Athi River.

Ombi langu kwa maimamu na walimu wa madrasa: kila Novemba, wekeni meza moja baada ya swala ya Ijumaa. Mtoto aje na vyeti vyake vyote, mtu asome majina herufi kwa herufi. Kuwahi kwa namna hiyo ndiko kutakakowafaa watoto wetu.