Walimu Wasiuziwe Kasi Isiyokuwapo

Msafiri atokaye Lamu kwenda Pate hufunzwa subira kabla ya kufika. Sharti apite Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari baina ya kisiwa cha Manda na bara, na maji yakipwa vyombo vizito husubiri. Hakuna nahodha awezaye kuupanua mkondo ule kwa kutia injini kubwa zaidi. Awezalo ni kujua saa ya maji, kupanga shehena yake na kutowazibia wenziwe njia.

Niliyakumbuka hayo nilipomtembelea mwalimu mmoja kisiwani humo. Alikuwa akikesha hadi usiku wa manane ili apeleke alama za wanafunzi wake kwa njia ya mtandao, kwani mchana kila kitu kilikwama. Alinionyesha programu aliyoinunua kwa fedha zake mwenyewe, iliyoahidi kuongeza kasi ya intaneti maradufu. "Tangu niitie, ndugu yangu, sijaona tofauti," akasema. Sikushangaa.

Programu iliyomo ndani ya simu haiwezi kupanua njia iliyo nje ya simu. Mnara ukielemewa, umeelemewa. Mwezi Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika chini ya bahari upande wa kusini, mtandao ulizorota Afrika Mashariki nzima. Ni programu gani ya simu ambayo ingeziunga?

Hata hivyo, nisieleweke vibaya. Zipo programu ambazo hupunguza ucheleweshaji kwa kweli. Oktoba 1986, baina ya maabara ya Lawrence Berkeley na chuo kikuu jirani huko California, umbali wa yadi 400 hivi, kasi ilianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Waya ulikuwa mzima. Msongamano ndio uliouziba. Mnamo 1988 Van Jacobson alieleza dawa yake: kompyuta ianze kwa kupeleka kidogo, isikilize majibu, iongeze polepole, na ipunguze mara ionapo foleni. Mwaka 2012, yeye na Kathleen Nichols walitoa mbinu iitwayo CoDel, ambayo huzuia kifaa cha kugawa mtandao kurundika data kupita kiasi. Ikiunganishwa na mpango wa kugawa zamu, mzigo mdogo kama alama za mwalimu haungoji video ya jirani imalizike kupita.

Kenya yenyewe ina somo lake. Zamani barua pepe baina ya kampuni mbili za intaneti za Nairobi ilirushwa hadi setilaiti iliyo karibu kilomita 36,000 juu, ikafika ng'ambo, ndipo ikarudi mtaa wa pili. Novemba 2000 kampuni hizo zilianzisha kituo cha kubadilishana data humu nchini, KIXP. Haukupita muda, mamlaka ya mawasiliano ikakifunga. Kikafunguliwa tena Februari 2002. Tangu hapo data ya nyumbani ikaweza kubaki nyumbani. Hiyo ndiyo kasi ya kweli: kufupisha safari na kupanga foleni.

Kuna watakaosema kwamba Pate yahitaji minara na nyaya kwanza, si mafunzo. Nakubali kwamba yahitaji, na wenye mamlaka wasitafute kisingizio katika maneno yangu. Lakini mkondo mpana usiopangwa nao hujaa. Shule inaweza leo kuweka masomo na ensaiklopidia katika kompyuta moja ya darasani, wanafunzi wakasoma bila kugusa intaneti. Inaweza kuzuia simu zisijisasishe saa za kazi, na kuchagua kifaa chenye mpango wa foleni. Nao wanaotengeneza tovuti za elimu wazifanye nyepesi, wakimkumbuka mwalimu wa Siyu na Kizingitini, wala si afisa wa Nairobi pekee.

Kisiwa hiki kiliandika tenzi na kunakili misahafu kwa mkono karne nyingi kabla ya kompyuta. Wana wake hawashindwi kuelewa jinsi data inavyosafiri. Wafunzwe, ili asitokee mchuuzi wa kuwauzia upepo, na ili mwalimu wao apate kulala usiku.