Mazungumzo ya Nyumbani: Ubao wa Ukuta wa Kupandia



Tumepokea barua ya baba mmoja wa familia, ndugu yetu Mkongomani anayekaa na kufanya kazi karibu na Namur, katika Ubelgiji. Anatuambia kwamba wanawe wawili, mmoja wa miaka 12 na mwingine wa miaka 15, wamejifunza shuleni mchezo wa kupanda majabali, nao wanamwomba awajengee ukuta wa kupandia ndani ya garaji. Miti ya kiunzi amekwisha kuipata. Lakini kwa mwuza mbao ameonyeshwa tripleksi za namna nne, na bei ya moja ni nusu ya bei ya nyingine. Basi anauliza: «Tofauti ni nini, ikiwa zote ni bapa, zote zina unene wa milimita 18, na zote nitazipaka rangi?»

Swali hili ni zuri, wala halimhusu yeye peke yake. Kila mtu anunuaye tripleksi, iwe kwa dari, kwa mlango, kwa kabati au kwa meza ya shule, angepaswa kujiuliza hivyo hivyo kabla ya kutoa fedha yake. Lakini kwa ukuta wa kupandia kuna jambo zaidi: juu ya ubao huo mtoto ataning'inia kwa vidole vyake. Dari ikiharibika, tunaibadili. Mtoto akianguka vibaya, hatuna wa kumbadili.

Kwanza tueleze mchezo wenyewe, kwa ajili ya wale wasioufahamu. Katika Ubelgiji watu hupanda majabali tangu zamani. Wazee wetu walisikia habari za Albert wa Kwanza, mfalme wa Wabelgiji, aliyeanguka na kufa tarehe 17 Februari 1934 katika majabali ya Marche-les-Dames, karibu na mji huo huo wa Namur. Baadaye watu walitafuta njia ya kujizoeza ndani ya nyumba, hata wakati wa mvua na baridi. Mwaka 1964, katika Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, mwalimu wa mazoezi ya viungo aitwaye Don Robinson alipachika vipande vya mawe katika ukuta wa ujia wa ndani, wanafunzi wapate kupanda. Leo mchezo huu umeenea sana, hata mwaka 2021, huko Tokyo, uliingizwa mara ya kwanza katika michezo ya Olimpiki.

Ukuta wa nyumbani hujengwa hivi: kiunzi cha miti imara hufungwa katika ukuta wa matofali, mara nyingi kikiinamia mbele, juu yake hupigiliwa mbao za tripleksi, nazo mbao hutobolewa matundu mengi, ambamo vishikio vya plastiki ngumu hufungwa kwa boliti. Kwa kuwa ukuta umeinama, mpandaji hukaa chini yake kama mjusi chini ya dari, na uzito wake wote huvuta kishikio kukitenga na ubao.

Sasa tripleksi ni kitu gani? Neno hili latoka katika Kilatini, maana yake ni «ya mara tatu». Gogo la mti huzungushwa juu ya mashini, na kisu kirefu hulimenya kama tunavyomenya chungwa, hata tupate karatasi ndefu za mti. Karatasi hizo hupakwa gundi, hupangwa moja juu ya nyingine, kisha hushindiliwa kwa nguvu na moto. Kila tabaka huwekwa likikingama na lile la chini yake, mishipa ya moja ikienda kwa urefu na ya pili kwa upana. Kwa sababu hiyo ubao haupasuki kwa urahisi kama mbao ya kawaida ipasukavyo kwa kufuata mishipa yake. Hesabu ya tabaka ni witiri, yaani 3, 5, 7 na kuendelea, ili pande mbili zilingane na ubao usijikunje.

Basi tazameni mahali nguvu inapopita. Boliti huingia kwa mbele, ambako macho yetu yanaona. Lakini nati inayoishika imekaa nyuma ya ubao: ni mrija mfupi wa chuma wenye kisahani na meno, nayo hugongwa kwa nyundo hata meno yaume mti. Mtoto akivuta kishikio, boliti huivuta nati, na nati huyakandamiza matabaka ya nyuma. Kwa hiyo tabaka la nyuma, ambalo hakuna mtu atakayeliona tena, ndilo linalomshika mtoto. Ikiwa mti wa hapo ni laini mno, au ndani yake mna pengo, meno hayapati kitu cha kuuma. Nati huanza kuzunguka pamoja na boliti, kishikio hakikazi tena, nacho hugeuka ghafula chini ya mkono. Hiyo ndiyo tofauti anayoiuliza ndugu yetu.

Tukichunguza namna za mbao anazoonyeshwa, twaweza kusema hivi.

Ubao wa bei ndogo kuliko zote kwa kawaida si tripleksi hata kidogo, ila ni unga wa mbao uliochanganywa na gundi na kushindiliwa. Uso wake ni laini kama kioo, na uzito wake ni mkubwa, karibu kilo 39 kwa ubao wa mita 1,22 kwa 2,44. Lakini hauna mishipa mirefu ya kushikamana. Meno ya nati huuchimba, nao ukilowa maji huvimba na kubomoka. Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Ubao huo wafaa kabati ya chumba kikavu. Kwa ukuta wa kupandia haufai.

Wa pili ni ubao wa vibanzi vikubwa vilivyoshindiliwa pamoja. Huu una nguvu, na mafundi huutumia katika kuta na mapaa ya nyumba. Lakini uso wake una mikwaruzo, vibanzi vyake huchoma vidole, na vishikio havikai sawasawa juu yake. Wapo waliojengea ukuta wa kupandia kwa ubao huu, lakini sisi hatumshauri baba mwenye watoto aufanye hivyo.

Wa tatu ni tripleksi ya msonobari au jamaa zake. Ubao mmoja wa milimita 18 una uzito wa kilo 25 hivi, na tabaka zake ni nene na chache, mara nyingi 7. Ukiwa wa namna njema, usio na mapengo ndani, unatosha kabisa kwa nyumba. Karibu na huu twaweza kuweka tripleksi ya okume, mti wa Gaboni. Ni mti mwepesi na wenye uso mzuri, lakini ni laini kidogo. Kwa hiyo nati zake zisitegemee meno tu, bali zifungwe kwa parafujo ndogo tatu tatu.

Wa nne, ulio wa bei kubwa, ni tripleksi ya betula, mti wa gome jeupe umeao katika nchi za baridi kama Ufini na Latvia. Milimita 18 za ubao huo zina tabaka 13, kila moja ikiwa na unene wa milimita moja na nusu au pungufu. Tabaka zikiwa nyingi na nyembamba, udhaifu wa moja hufunikwa na nguvu ya jirani zake. Uzito wake ni kilo 36 hivi. Basi watu wawili waubebe, si mmoja.

Juu ya mbao hizo za betula huandikwa herufi kama S, BB au WG, zinazoonyesha uzuri wa uso wa mbele na wa nyuma. Hapa mnunuzi asidanganyike. Kuna faida gani kulipia uso usio na doa, kisha kuutoboa matundu 72 na kuupaka rangi? Viraka vidogo vya mbele havidhuru neno. Lakini mgongo ulio na vifundo vilivyo wazi waweza kudhuru, kwa maana tundu likiangukia penye kifundo, nati haina mahali pa kukaa. Fedha ya kutengeneza uso, afadhali itolewe kwa ajili ya moyo na mgongo.

Tukitaja unene, milimita 18 ndicho kipimo kilichozoewa na wajenzi wa kuta hizi. Ubao wa milimita 12 hupinda chini ya mpandaji. Miti ya kiunzi iwe na nafasi ya sentimita 40 hivi kutoka moyo wa mti mmoja hata mwingine. Matundu ya milimita 12, kwa boliti za milimita 10, yapangwe kila sentimita 20. Ubao wa mita 1,22 kwa 2,44 utapata mistari 6 ya matundu 12, yaani 72, na ukipima vema kutoka ukingoni hakuna hata moja litakaloangukia juu ya mti wa kiunzi. Tena mishipa ya tabaka la juu ikingamane na miti ya kiunzi, kwa kuwa ubao una nguvu zaidi upande huo. Msitazame urefu wa ubao tu, maana baadhi ya mbao za betula zina mishipa inayofuata upana. Itazameni mishipa yenyewe.

Inabaki gundi. Ni nani kati yetu hajaona dari ya tripleksi ikifumuka baada ya bati kuvuja? Mti ule haukuwa na kosa. Gundi ndiyo haikuwa ya maji. Katika Ulaya ubao mwema huwa na chapa EN 636, ikifuatwa na tarakimu: 1 kwa mahali pakavu, 2 kwa mahali penye unyevu, 3 kwa nje. Kwa garaji yenye ubaridi wa majira ya baridi, tungechagua 2 au 3. Itafutwe pia chapa E1, inayoonyesha kwamba formaldehidi, ile hewa kali itokayo katika gundi na kuwasha macho, haipiti kipimo kilichowekwa.

Basi ndugu yetu akifika tena kwa mwuza mbao, asianze na uso. Apige goti, atazame ukingo wa ubao pande zote nne. Ahesabu tabaka. Akiona matundu meusi kati ya tabaka, aukatae, kwa sababu pengo lionekanalo ukingoni laonya juu ya mengine yaliyofichika ndani. Agonge kwa vidole hapa na pale, akisikiliza mahali panapolia kama ngoma. Auweke jicho lake penye pembe, aone kama umejikunja. Na ikiwezekana aombe kipande, akiloweke majini usiku kucha. Tabaka zikiachana, amekwisha kujibiwa.

Fedha yake ikitosha, achague betula. Isipotosha, achague msonobari usio na mapengo, wa chapa ya 2 au ya 3, wala asione haya. Kile kitakachosalia kisiende katika rangi, bali katika magodoro mazito ya kutandika chini ya ukuta wote, maana hata juu ya ubao bora watoto huanguka kila siku. Ndivyo mchezo ulivyo.

Nanyi wanafunzi, juma hili tafuteni kipande cha tripleksi kwa seremala wa jirani. Hesabuni tabaka zake ukingoni, mtazame kama mishipa inakingamana, na mwonyeshe wazazi wenu mapengo mtakayoyaona. Siku ya kununua dari au mlango, watafurahi kuwa nanyi dukani.