Tanga Likianuliwa, Mfiwa Asiachwe Peke Yake

Hakuna mwananchi wa Temeke au Kinondoni asiyejua jinsi mtaa unavyobadilika unapoingiwa na msiba. Kabla jua halijachwa, turubai limekwisha simamishwa, mikeka imetandikwa ndani kwa akina mama, masufuria makubwa yameazimwa na daftari la rambirambi limefunguliwa. Majirani ambao jana waligombania mpaka wa ua, leo wanachota maji pamoja. Vijana wanaolaumiwa kwa kukaa vijiweni ndio hao hao wanaoshika majembe kwenda kuchimba kaburi. Hii ni tabia njema, na hatuna budi kuilinda.

Lakini siku ya tatu tanga huanuliwa. Turubai hurudishwa, masufuria huenda kwa wenyewe, na ndugu waliotoka mikoani hupanda mabasi. Hapo ndipo msiba wenyewe unapoanza. Mfiwa hubaki na nguo zilizotundikwa ukutani, kodi ya chumba, ada za watoto na usiku mrefu. Majirani waliofurika kwa siku tatu sasa humkwepa. Si kwamba hawampendi, bali hawajui la kumwambia. Ni dhahiri, basi, kwamba tumejifunza vizuri kuzika, lakini hatujajifunza kuishi na aliyezikiwa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimpa mfanyakazi aliyefiwa na mwenzi, mzazi, mtoto au ndugu wa kuzaliwa naye likizo yenye malipo isiyopungua siku 4. Kwa mtumishi wa Dar es Salaam anayekwenda kuzika Kagera au Ruvuma, sehemu kubwa ya siku hizo huishia barabarani. Siku ya tano anatarajiwa kuwa mezani, na kosa lake la kwanza katika hesabu huandikwa kuwa ni uzembe. Sheria haiwezi kupima machozi ya kila mtu, lakini mkuu wa idara aweza. Kumgawia mfiwa kazi nyepesi kwa wiki chache na kumwita faragha kumjulia hali hakuhitaji waraka wa wizara.

Temeke ina sababu ya pekee ya kulifikiri jambo hili. Tarehe 21 Machi, 2021, maelfu ya wananchi walifika Uwanja wa Uhuru kumuaga Rais John Magufuli, aliyefariki siku nne kabla. Katika msongamano wa siku hiyo watu 45 walipoteza maisha. Familia zao zilipata misiba miwili kwa pamoja. Msiba wa taifa ulikuwa na bendera nusu mlingoti na idadi ya siku zilizotangazwa, na siku hizo zilipokwisha bendera ilipandishwa. Msiba wa nyumbani hautangaziwi mwisho, wala mwenye nao hawezi kuamriwa aumalize.

Mila na dini zetu zililielewa hilo zamani. Mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi minne na siku kumi. Waislamu wengi, na Wakristo wengi pia, hukusanyika tena siku ya arobaini. Wazee walijua kwamba majonzi hayaishi kwa siku tatu. Leo sayansi nayo inasema hivyo: katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2022, majonzi makali yanayozidi miezi 6 na kumzuia mtu asiweze kuendesha maisha yake yametambuliwa kuwa hali inayohitaji tiba. Kwa hiyo mfiwa asiyelala, asiyekula, aliyeingia katika ulevi au anayesema hana haja tena ya kuishi, asiambiwe tu ajikaze. Apelekwe hospitali kama apelekwavyo mwenye homa.

Neno hili "jikaze" limewaumiza hasa wanaume. Walimu wetu wanafundisha mashairi ya Shaaban Robert, na miongoni mwao limo "Amina", alimomlilia mkewe aliyefariki. Hakuna aliyewahi kusema kwamba mshairi huyo alipungukiwa na uanaume. Mwalimu anayelisifu shairi hilo darasani hana sababu ya kumkemea mvulana aliyefiwa na mama yake kwa kuwa analia, au kumwadhibu kwa kuwa alama zake zimeshuka. Amuulize kwanza nani anampikia nyumbani.

Aidha, liko jambo linalowahusu watumishi wa umma moja kwa moja. Baada ya mazishi mfiwa huanza safari nyingine ya cheti cha kifo, barua ya mtaa, kikao cha ukoo, Mahakama ya Mwanzo, benki na mafao. Serikali imefanya jitihada: tangu mwaka 2021 Temeke imekuwa na kituo jumuishi cha mahakama kinachoshughulikia mashauri ya mirathi na ndoa. Hata hivyo jengo peke yake halifariji mtu. Mjane anayeambiwa "njoo kesho" mara tano hulazimika kulitaja jina la marehemu upya mara tano mbele ya karani asiyeinua macho. Urasimu wa namna hii ni ukatili, hata kama mwenye kuufanya hakukusudia.

Nini kifanyike? TANU ilipoanzisha mashina ya nyumba kumi kumi katika miaka ya 1960, ilikusudia pasiwe na mwananchi asiyejulikana na jirani zake. Basi balozi wa shina na aandike katika daftari lake tarehe ya kila msiba, na kuhakikisha kwamba mfiwa anatembelewa siku ya arobaini, mwezi wa tatu na mwezi wa sita. Tupunguze gharama za vyakula na sare siku ya mazishi, na sehemu ya michango iwekwe kwa ajili ya ada za mayatima. Atakayemtembelea mfiwa asione haya kumtaja marehemu kwa jina. Mfiwa hajamsahau, na hufarijika kuona kwamba wengine pia hawajamsahau.

Misibani husema kwamba kazi ya Mola haina makosa. Yenye makosa ni yetu, na hiyo twaweza kuirekebisha.